Limfoma ya Burkitt: malaria, virusi na kinga ya mwili vinavyochangia uvimbe wa taya kwa watoto

Mtoto anavimba taya, meno yanalegea, na nyumbani wengi hudhani ni jino bovu. Kwa sisi tunaoishi kandokando ya Ziwa Victoria, uvimbe wa aina hiyo unaweza kuwa limfoma ya Burkitt, saratani ya seli nyeupe za damu inayowapata zaidi watoto. Wakati mwingine huanzia tumboni.

Ilijulikanaje?

Daktari wa upasuaji Denis Burkitt, akiwa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika kuhusu uvimbe huu mwaka 1958. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari na wenzake wawili kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, akiuliza hospitali kwa hospitali. Aligundua kuwa ugonjwa unapatikana kwenye maeneo ya joto na mvua, na ni nadra nyanda za juu zenye baridi. Ramani yake ilifanana na ya malaria. Mwaka 1964, watafiti wa London waliochunguza uvimbe uliotoka Uganda waligundua virusi vya Epstein-Barr.

Kinga inaingiaje hapa?

Virusi hivi wengi wetu tunavyo tangu utotoni. Hujificha ndani ya seli B, zile zinazotengeneza kingamwili, huku seli T zikivilinda kama askari wa zamu visilete madhara.

Malaria ya mara kwa mara huvuruga mpango huo kwa njia mbili. Kwanza, huzilazimisha seli B kuzaliana kwa wingi, na katika haraka hiyo vinasaba vinaweza kukatika na kuungana vibaya. Kinasaba kiitwacho MYC kikihamia mahali pasipo pake, seli huzaliana bila breki. Pili, hudhoofisha seli T. Utafiti uliofanyika Kenya, upande wa Kisumu, ulionyesha watoto wenye Burkitt wana upungufu wa seli T zinazopambana na virusi hivyo.

Hata ndani ya uvimbe zimo seli za kinga zinazokula seli zilizokufa. Kwenye hadubini huonekana kama nyota angani. Watafiti wanaona kwamba kazi hiyo ya usafi inaweza kuusaidia uvimbe kukua, kwa kuwa seli hizo hutoa vichocheo vinavyotuliza mashambulizi ya kinga.

Mzazi afanye nini?

Uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja hadi tatu, hivyo usisubiri jino ling'olewe wala dawa ya kienyeji ifanye kazi. Mpeleke mtoto kituo cha afya, apewe rufaa. Hapa Mwanza, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando ina kitengo cha saratani. Tiba kuu ni dawa za kuua seli za saratani, si upasuaji, na watoto wengi wanaofika mapema na kumaliza dozi hupona.

Na chandarua? Mtoto alale ndani yake kila usiku.