Urithi wa upande wa mama

Ukifunua ndoo ya kasiksi, pombe ya ndizi, huko Kiringye, inzi wadogo wenye macho mekundu huwa wameshafika kabla hujamimina. Ndio walewale wanaozunguka ndizi zilizoiva mno na maembe yaliyopasuka katika bonde lote la Ruzizi. Wataalamu humwita inzi huyo Drosophila melanogaster. Asili yake ni Afrika, ila leo yuko karibu kila penye tunda bovu duniani, na mara nyingine hasafiri peke yake.

Miaka ya 1950 mtafiti Chana Malogolowkin aliwaona inzi wa jamii nyingine ya Drosophila wakizaa majike watupu. Tabia hiyo ilirithiwa kwa mama tu. Mwaka 1961 Donald Poulson na Bungo Sakaguchi wakamwona mhusika kwa darubini, katika damu ya inzi: kidudu chembamba kilichojisokota. Baadaye bakteria huyo akapewa jina la Poulson, Spiroplasma poulsonii.

Inzi jike anapoliwekea yai akiba ya chakula, bakteria hujipenyeza humo. Mbegu ya dume haimbebi. Kwa bakteria, basi, mtoto wa kiume ni njia isiyotoka, naye humuua angali yaini. Chakula hubakia kwa dada zake, nao ndio watakaombeba hadi kizazi kijacho. Ni ukatili wenye hesabu.

Lakini akiua madume wote, si atajimaliza mwenyewe? Hajimalizi, kwa sababu kwa kawaida hukaa katika inzi wachache, na mama wasio naye huendelea kuzaa madume. Hao wachache nao hupata malipo. Kuna nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya mabuu ya inzi. Spiroplasma hula mafuta ambayo buu la nyigu linayahitaji, likadhoofika.

Mwaka 2006 John Pool na wenzake walitangaza kwamba wamemkuta muuaji huyo katika inzi wa Uganda. Alifanana mno na yule aliyepatikana katika inzi wa Brazili, hata wakaona huenda alivuka Atlantiki ndani ya inzi. Ukoo wa Uganda ulifika Lausanne, Uswisi, katika maabara ya Bruno Lemaitre. Mwaka 2018 yeye na Toshiyuki Harumoto wakaitaja sumu yenyewe, Spaid. Waliigundua baada ya bakteria fulani kupoteza kipande cha jeni yake, na watoto wa kiume wakaanza kupona.

Aliyechunguza katika maabara hiyohiyo jinsi bakteria anavyoingia yaini ni Jeremy Herren. Baadaye alihamia kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe nchini Kenya, na mwaka 2020 yeye na wenzake wakatangaza Microsporidia MB. Huyu si bakteria, ni wa ukoo wa kuvu, lakini naye hurithiwa kwa mama, tena humzuia mbu asibebe vimelea vya malaria. Walimkuta ndani ya Anopheles arabiensis, mbu anayependa kuzaliana katika maji ya mashamba ya mpunga.