X-Press Pearl (ajali ya meli)

X-Press Pearl ilikuwa meli ya makontena iliyosajiliwa Singapore. Tarehe 20 Mei 2021 ilishika moto ikiwa imetia nanga nje ya bandari ya Colombo, Sri Lanka, na mwezi uliofuata ikazama. Takriban tani 1,680 za punje za plastiki zilikuwa ndani yake, na ajali hiyo ndiyo iliyosababisha umwagikaji mkubwa zaidi wa punje hizo baharini unaojulikana.

Meli ilikuwa mpya, haijatimiza hata nusu mwaka kazini. Kati ya makontena yake 1,486, moja la asidi ya nitriki lilianza kuvuja safarini. Mabaharia waliligundua mapema, lakini halikushushwa Hamad, Qatar, wala Hazira, India, kwa hiyo meli ikafika Colombo na mzigo wake unaochuruzika. Mlipuko wa tarehe 25 Mei ulilazimu watu wote waliokuwamo waondolewe. Tarehe 2 Juni, ilipokuwa ikivutwa kuelekea kilindini, tezi yake ilikaa chini katika kina cha mita 21 hivi.

Wengi walihofia mafuta. Lakini kilichofunika fukwe, hasa Sarakkuwa na kuelekea Negombo, ni punje. Hizi ni malighafi ya kiwandani, kila moja kubwa kama dengu, ambazo huyeyushwa na kufinyangwa kuwa ndoo, chupa au viti. Nyingi huelea, na kwa samaki hazina tofauti na mayai ya samaki wenzake. Baadhi ya samaki waliokotwa wakiwa na punje mdomoni na kwenye mashavu. Wanamaji waliovaa mavazi meupe ya kujikinga walizichekecha kutoka mchangani, lakini msimu wa kusi ulikuwa umeanza, na kila wimbi lilileta nyingine.

Madhara ya kikemikali ni magumu kuyaona kuliko rundo la ufukweni. Plastiki huwa na viungio vya kuipa rangi, ulaini au uimara, na baadhi huchujika majini. Tena huvuta sumu zisizopatana na maji, kama DDT na PCB: watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2001 kwamba punje inaweza kukusanya PCB hadi mara milioni moja ya kiasi kilichomo katika maji yanayoizunguka. Katika ajali hii moto uliongeza lake. Punje zilizoungua ziliganda kuwa mabonge meusi yanayovunjika kirahisi, yakifanana na mawe kiasi cha kuwapotosha wasafishaji. Utafiti alioshiriki Asha de Vos, mwanabiolojia wa bahari wa Sri Lanka, ulikuta ndani ya mabonge hayo hidrokaboni zitokanazo na uunguaji, jamii ya kemikali yenye baadhi zinazosababisha saratani.

Mamia ya kasa, pamoja na pomboo na nyangumi kadhaa, walisukumwa pwani wakiwa wafu. Kutenganisha sumu, joto na mlipuko kama chanzo cha kila kifo ni kazi ngumu, maana mizoga mingi ilifika imeoza. Wavuvi walipigwa marufuku kuvua katika eneo kubwa la pwani, na hasara yao haikuhitaji maabara.

Julai 2025 Mahakama ya Juu ya Sri Lanka iliamuru walalamikiwa wa upande wa meli walipe fidia ya dola bilioni 1. Meli ilipoungua, punje za plastiki hazikuhesabiwa kuwa mzigo hatari katika kanuni za usafiri wa baharini. Mapendekezo ya Shirika la Kimataifa la Bahari kuhusu kuzipakia yalitolewa mwaka 2024, na kuyafuata ni hiari.