Mazoezi, mitokondria na ugonjwa wa Parkinson

Ugonjwa wa Parkinson ni ugonjwa wa ubongo unaotokana na kufa polepole kwa seli za neva zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuongoza mwendo wa mwili. Umepewa jina la daktari Mwingereza James Parkinson, aliyeueleza mwaka 1817. Baada ya ugonjwa wa Alzheimer, ndio unaopatikana zaidi duniani kati ya magonjwa ya kuharibika kwa seli za neva. Dalili zake kuu ni kutetemeka wakati kiungo kimetulia, mwendo wa polepole, misuli kukakamaa na, baadaye, kuanguka mara kwa mara.

Dawa zilizopo, hasa levodopa, hurudisha dopamini iliyopungua, lakini hakuna iliyothibitishwa kuzuia seli zisife. Ndiyo sababu watafiti wameyatazama kwa makini mazoezi ya mwili, na pamoja nayo mitokondria, sehemu za seli zinazozalisha nishati. Kwamba mazoezi hupunguza makali ya dalili kuna ushahidi mzuri. Kwamba mitokondria zina hitilafu katika ugonjwa huu pia kuna ushahidi mzuri. Ila kwamba mazoezi humsaidia mgonjwa kwa kuzitengeneza mitokondria za ubongo wake ni dhana ambayo bado haijathibitishwa kwa binadamu, na maandishi mengi ya afya huichukulia kana kwamba imekwisha kuthibitishwa.

Seli zenye njaa ya nishati

Ubongo ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili uliopumzika. Nishati hiyo hutoka karibu yote katika mitokondria, ambazo hutumia oksijeni kuunguza chakula na kutengeneza ATP, yaani kemikali inayobeba nishati ndani ya seli.

Seli zinazokufa katika Parkinson ziko katika eneo dogo la ubongo wa kati lenye rangi nyeusi, liitwalo substansia nigra. Kila moja ina tawi refu lenye vitawi vingi mno. Inakadiriwa kwamba kwa binadamu seli moja huweza kuwa na zaidi ya milioni moja ya sehemu za kupitishia ujumbe. Isitoshe, seli hizi hutoa ishara zenyewe mfululizo hata zisipochochewa, na kila ishara huingiza kalsiamu ambayo lazima itolewe tena kwa gharama ya nishati. Mitokondria zikidhoofika, seli za namna hii ndizo za kwanza kuumia.

Ushahidi wa sumu na wa jeni

Mwaka 1982 huko California, Marekani, vijana kadhaa waliojidunga heroini bandia iliyotengenezwa kwa siri walikakamaa ghafla kama wazee wenye Parkinson ya miaka mingi. Daktari J. William Langston na wenzake waligundua kwamba dawa hiyo ilikuwa na kemikali iitwayo MPTP, wakatangaza matokeo yao mwaka 1983. Ikifika ubongoni MPTP hugeuzwa kuwa sumu ambayo huingia katika seli za dopamini kwa njia ileile inayopitisha dopamini, kisha huziba hatua ya kwanza ya mnyororo wa upumuaji ndani ya mitokondria. Hatua hiyo huitwa kompleksi ya I. Mwaka 1989 watafiti wa London walionyesha kwamba kompleksi hiyohiyo ina upungufu katika substansia nigra ya watu waliokufa na Parkinson ya kawaida, ambao hawakuwahi kugusa MPTP.

Sumu nyingine inayofanya kazi mahali hapohapo ni rotenoni, iliyotumiwa kuua wadudu mashambani. Wavuvi wa Afrika Mashariki wanaijua bila kuitaja kwa jina: sumu za jamii hiyo zimo katika majani ya utupa, mmea unaopondwa na kutiwa majini ili kulewesha samaki. Mwaka 2000 ilionyeshwa kwamba panya waliopewa rotenoni kwa muda walipata uharibifu wa ubongo unaofanana na wa Parkinson.

Upande wa urithi, jeni mbili zinazosababisha Parkinson ya vijana, yaani parkin (iliyotambuliwa mwaka 1998) na PINK1 (mwaka 2004), zimeonekana kushirikiana katika kusafisha mitokondria mbovu. Protini ya PINK1 hujikusanya juu ya mitokondria iliyoharibika na kuiita parkin, nayo parkin huitia alama kama karani anayepiga mhuri, ili seli iimeng'enye na kuiondoa. Mtu aliyerithi nakala mbovu za mojawapo ya jeni hizo hukosa usafi huo.

Mazoezi hufanya nini

Mwaka 1967 John Holloszy wa St. Louis, Marekani, alionyesha kwamba panya waliozoeshwa kukimbia huongeza sana uwezo wa mitokondria za misuli. Baadaye ilifahamika kwamba kazi hiyo huongozwa kwa sehemu kubwa na protini PGC-1α, iliyogunduliwa mwaka 1998, ambayo huamsha jeni za kujenga mitokondria mpya. Katika panya, kukimbia kwa wiki kadhaa kumeongeza dalili za ujenzi huo ndani ya ubongo pia, si katika misuli pekee.

Kwa binadamu mambo ni magumu zaidi. Msuli wa paja unaweza kutolewa kipande kidogo kwa sindano na kupimwa. Substansia nigra ya mtu aliye hai haiwezi. Tena, mazoezi hayagusi mitokondria tu. Huongeza mtiririko wa damu na protini zinazolea neva, hupunguza uvimbe wa ndani, huimarisha moyo na usingizi. Kutenganisha mchango wa kila kimoja si kazi rahisi.

Uchunguzi wa watu wengi kwa miaka mingi umeonyesha kwamba wenye kufanya mazoezi ya nguvu hupata Parkinson kwa uchache kuliko wengine. Hata hivyo ugonjwa huanza miaka mingi kabla ya mkono kutetemeka, na huenda baadhi ya watu walipunguza mazoezi kwa sababu tayari walikuwa wagonjwa bila kujua.

Majaribio kwa wagonjwa

Ushahidi wenye nguvu zaidi unatoka katika majaribio ambamo wagonjwa hugawanywa kwa bahati nasibu. Katika jaribio la SPARX la Marekani, lililochapishwa mwaka 2018, wagonjwa 128 ambao hawajaanza dawa walifuatiliwa kwa miezi 6. Waliolengwa kutembea au kukimbia kwenye mashine siku 4 kwa wiki, kwa asilimia 80 hadi 85 ya kiwango cha juu cha mapigo ya moyo, karibu hawakuzidiwa kabisa katika alama za mwendo. Wasiopewa mazoezi walizidiwa kwa takriban alama 3. Mwaka uliofuata watafiti wa Uholanzi walitoa matokeo ya wagonjwa 130: walioendesha baiskeli ya mazoezi nyumbani walikuwa na nafuu ya alama 4 hivi kuliko walionyoosha viungo tu.

Miezi 6 haitoshi kusema kama ugonjwa umepunguzwa kasi au dalili tu ndizo zimepungua.

Jambo la kuzingatia ni kwamba vidonge vilivyolenga mitokondria moja kwa moja vimeshindwa. Koenzaimu Q10 ilijaribiwa kwa wagonjwa 600, na kreatini kwa zaidi ya 1,700. Majaribio yote mawili yalisimamishwa kabla ya wakati kwa kukosa dalili ya manufaa. Bado vidonge hivyo vinauzwa kama virutubisho vya ubongo kwa bei kubwa.

Namna ya kufanya na tahadhari

Mazoezi hayachukui nafasi ya levodopa, na mgonjwa asiache dawa kwa kuyategemea. Afadhali yafanyike saa ambazo dawa inafanya kazi vizuri. Shinikizo la damu la wagonjwa wengi hushuka wanaposimama, hivyo hatari ya kuanguka ni kubwa. Mwenye ugonjwa wa moyo apimwe kwanza. Wapo wasioweza kutembea hatua chache bila kukwama lakini wakaweza kuendesha baiskeli, jambo lililowashangaza madaktari wa Uholanzi mwaka 2010.

Katika Tanzania

Utafiti uliofanyika wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, ulipita nyumba kwa nyumba na kukuta kwamba wengi wa wenye Parkinson hawakuwa wametambuliwa kabla, wala hawakuwa na dawa. Baadhi yao walishiriki baadaye katika mafunzo ya kutembea kwa kufuata mdundo, yaliyochapishwa mwaka 2010. Mwendo wao uliboreka ingawa hawakuwa wamemeza kidonge chochote cha Parkinson.