Uani Mwisho wa Masika: Kikuba Kilitoka Wapi?



Masika ndiyo hayo yanaaga. Mvua sasa ni za kupita tu, jua likitoka asubuhi linawaka, na uani magugu yameshafika mpaka mlango wa jiko. Wiki hii tumefunika cherehani mapema siku tatu mfululizo tukashika jembe, kwani wakati wenyewe ndio huu. Udongo bado una maji lakini haunati tena miguuni. Ukingoja mpaka kipupwe kikolee, kijiti ulichochomeka kinakauka kabla hakijashika mizizi.

Kazi ni zilezile za bibi zetu. Kupalilia. Kuupunguza mwasumini, matawi makavu yote chini na marefu nayo yapunguzwe, maana asumini huchanua kwenye chipukizi jipya, haichanui kwenye mti mkongwe. Kukata vichwa vya mrehani kabla haujabeba mbegu, usije ukakomaa na kuacha majani. Kugawa shina la mchaichai na kumpa jirani nusu. Kuufunga upya mtambuu kwenye mti unaopandia, upepo wa kusi umeulegeza. Kumwaga maji yaliyotuama kwenye makopo na vifuu, mbu wasipate pa kuzaa. Na konokono, hao wa kuokotwa usiku kwa tochi, hakuna njia ya mkato.

Lakini leo hatukukaa kuandika habari za konokono. Katika harusi za Mfungo Mosi tulikuwa tunafunga vikuba, bi harusi mwenyewe kakaa mkekani anatutazama, akauliza: "Hivi vitu vyote hivi asili yake ni hapa kwetu?" Tukamjibu haraka, ndiyo, vya kwetu tangu na tangu. Usiku tukaanza kuhesabu, tukaona tulimjibu vibaya.

Tuanze na asumini. Hii tunayoifunga, nyeupe ya petali nene, asili yake ni Bara Hindi na nchi za jirani zake. Mlangilangi ni wa mbali zaidi, visiwa vya Asia ya kusini mashariki. Karafuu tunayoisaga kwenye singo ilitoka visiwa vya Maluku, ikapitia kwa Wafaransa katika visiwa vya Bahari ya Hindi, ndipo ikafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Waridi tumelizoea kutoka upande wa Uarabuni. Mpaka leo kule Oman, katika mlima wa Jabal Akhdhar, kinamama na kinababa wanachuma mawaridi kila mwezi wa Aprili na kuyapika kwenye vyungu kutoa marashi, sisi huku tukiwa kwenye mvua. Mrehani nao ni wa nchi za joto za Asia, na jina lake tumelipata kwa Waarabu. Rayhani imetajwa katika Surat Ar-Rahman na Surat Al-Waqi'a, na Mtume wetu (S.A.W.) alituusia tusiikatae tukipewa.

Bahari ilitufundisha kunukia zamani sana. Ibn Battuta alipopita pwani hii mwaka 1331, huko Mogadishu alikaribishwa kwa tambuu na popoo na akarashiwa marashi ya waridi kutoka Dameski. Karibu miaka 700 iliyopita! Majahazi yalikuja na kaskazi, yakarudi na kusi, na nadhani hakuna msimu ambao hapakuwa na mtu aliyeficha mche ndani ya mzigo wake.

Hapa tuseme na lisilopendeza. Tukizungumzia bustani za zamani tunapenda kutaja majumba ya kifalme. Bibi Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, ameueleza ua wa kwao katika kitabu chake cha mwaka 1886, tausi na swala na mbuni wakitembea humo. Vizuri. Lakini jembe lilikuwa mkononi mwa nani? Mikarafuu ya Seyyid Said ilipandwa na kuchumwa na watumwa, wanawake wakiwemo. Tufani ya Aprili 1872 ilipoiangusha mikarafuu mingi ya Unguja na kuiacha ya Pemba, ni wao waliorudi shambani kuotesha upya. Sheria ya kuondoa utumwa ilikuja mwaka 1897, na hata hapo masuria hawakuingizwa. Wao walisubiri mpaka 1909. Sisi wa mitaa ya Ng'ambo tuna bibi zetu humo, tusijifanye hatujui.

Ndiyo maana ua wa makuti wa Ng'ambo tunauona ni kitu kikubwa. Watu wengi walioacha mashamba walihamia ng'ambo ya mji, wakajenga nyumba za udongo zenye ua nyuma. Tumfikirie mwanamke aliyekuwa akichuma asumini za watu, sasa anachomeka kijiti chake mwenyewe, anachuma jioni, anafunga kikuba chake, anakivaa. Kiswahili kinaita ua kile kinachonukia na ua pale palipozungushiwa makuti, na hakuna bi mkubwa aliyepata kuchanganyikiwa, kwa kuwa kimoja kilikaa ndani ya kingine.

Nyua nyingi zilikwenda majumba marefu ya Michenzani yalipojengwa baada ya Mapinduzi. Ukipita leo, inua macho: mrehani kwenye kopo la rangi, mwasumini kwenye ndoo iliyopasuka. Mwanamke wa kisiwani humwezi.

Sasa turudi kwenye swali la bi harusi. Katika kikuba chote kile tulipata kimoja tu ambacho ni chetu hasa: kilua. Mkilua ni mti wa misitu ya pwani hii, wa Kenya na Tanzania, hakuuleta mtu kwa jahazi. Mwaka 1970 mtaalamu wa mimea, Bernard Verdcourt, alipouandika rasmi hakuona jina bora kuliko la mama zetu, akauita Mkilua fragrans. Ni wa ukoo mmoja na mstafeli, mtopetope na mlangilangi. Ua lake halina uzuri wa kutazama, jamani, lakini harufu yake!

Na sisi tuliukata.

Ulikuwa wa bibi, nyuma ya choo cha zamani. Tulipopata oda nyingi za mashela tukataka chumba cha pili cha kushonea, fundi akasema mti unazuia msingi, tukasema ukate. Asubuhi moja tu. Bibi alikuwa hai bado, alikaa kibarazani hakusema neno, akaomba apewe tawi moja. Tukamwaga saruji. Leo chumba kile kinatulipia ada za watoto, hatuwezi kusema tunajuta kila kitu. Ila harusi ile ya Mfungo Mosi tulizunguka masoko mawili tukitafuta kilua, tukapata maua machache kwa bei ya kutisha, na yalikuwa yameanza kulegea. Tukaongeza waridi kujazia. Bi harusi hakujua. Nyakanga wake, mtu mzima, alikinusa kikuba mara moja akatutazama, hatukuweza kumtazama.

Kwa hiyo kazi ya wiki hii haikuwa palizi peke yake. Shangazi yetu wa Pemba ametuletea miche miwili ya mkilua kwenye boti, ameifunga kwa gunia bichi na kuipakata njia nzima kama mtoto. Mkilua ni mti wa msituni, unapenda kivuli, basi tumeuotesha mmoja chini ya mstafeli, ndugu yake. Wa pili hatuna pa kuuweka, pamebaki saruji. Uko kwenye ndoo mlangoni mwa duka. Kama wewe una ua wenye kivuli na uko karibu, njoo uuchukue kabla mvua hazijakatika. Hatutaki pesa. Tunataka ukichanua utukumbuke kwa maua matatu ya harusi.