Umelipa, lakini chumba hakuna

Desemba iliyopita mimi na binamu yangu tulifika hoteli moja Mombasa saa nne usiku, tumechoka na safari ya treni. Chumba tulikuwa tumelipia wiki tatu mapema. Dada wa mapokezi akaangalia simu yangu, akaangalia kompyuta, kisha akasema, "Pole sana boss, tumejaa. Sistemu ilileta shida." Jamaa aliyeingia nyuma yetu, ambaye walimsalimia kwa jina, akapewa ufunguo palepale.

Tulilala gesti ya mtaa wa pili. Feni ilikuwa na kelele kama posho mill.

Nilidhani ni uzembe. Kumbe wasee, ni hesabu. Chumba kisipolaliwa leo, huwezi kuuza usiku wa leo kesho. Na kila siku kuna watu wanaobuku na hawatokei. Kwa hivyo hoteli ya vyumba 100 ikizoea kukosa wageni 10, inauza 110 na kuomba Mungu. Wakitokea wote, mtu lazima afukuzwe kwa upole. Kwa kawaida ni yule amechelewa kufika, analala usiku mmoja tu, na hana kadi ya mteja wa kudumu. Yaani mimi.

Mashirika ya ndege yalicheza huu mchezo zamani. Mwaka 1968 mwanauchumi Mmarekani, Julian Simon, alipendekeza kitu rahisi: ndege ikijaa, waulize abiria ni nani atakubali kubaki, na kwa pesa ngapi. Anayetaka kidogo zaidi ndiye abaki. Walimpuuza kwa miaka.

Halafu 1972 wakamgusa mtu mbaya. Ralph Nader, yule mtetezi wa wanunuzi aliyesumbua kampuni za magari, alikuwa na tiketi ya Allegheny Airlines kutoka Washington kwenda Hartford, ambako watu walikuwa wanamngoja ahutubie. Akaambiwa ndege imejaa. Akashtaki. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na 1976 majaji wakasema abiria anaweza kushtaki shirika lililomficha kwamba linauza viti kupita kiasi. Miaka miwili baadaye, wazo la Simon likawa kanuni: tafuta wa kujitolea kwanza, walipe.

Ulaya nao, tangu 2005, abiria aliyezuiwa kupanda bila kupenda kwake anadai kati ya euro 250 na 600, kulingana na umbali.

Sasa mahoteli? Hawakupata Nader wao. Hoteli nyingi kubwa Marekani hukutafutia chumba kwingine, hulipa usiku wa kwanza na teksi pia. Lakini hiyo ni desturi tu ya biashara, na inafuatwa zaidi na wanaoogopa jina lao kuharibika. Mimi sikupewa hata maji ya kunywa.

Pesa yangu ilirudi baada ya siku tisa, bila neno. Ya gesti na teksi haikurudi. Binamu anasema niache, ni elfu nne tu. Lakini tangu 2021 tuna Mahakama ya Madai Madogo, inasikiza madai hadi shilingi milioni moja na huhitaji wakili. Risiti ninazo, skrinshoti ya buking ninayo. Jumatatu naenda Milimani kuuliza fomu.