Ziwa Tanganyika liko na mlango mmoja tu



Wengi wenu mlivuka ziwa hili mara mbili: kukimbilia Kigoma wakati wa vita, kisha kurudi. Sasa mnatafuta parseli za kujenga, na zile za karibu na maji njo zinapatikana kwa urahisi. Kabla ya kuweka msingi, tuangalie historia ya maji yenyewe.

Mito inayoingia ziwani ni mingi: Ruzizi kaskazini, Malagarasi upande wa Tanzania, na midogo ya milimani. Unaotoka ni mmoja peke yake, Lukuga, pale Kalemie. Unaenda magharibi mpaka Lualaba, ambao njo Mto Kongo wenyewe.

Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walifika Ruzizi wakitafuta mahali maji yanapotokea. Wakakuta yanaingia. Mwaka 1874 Cameron alifika Lukuga, akakuta mlango umezibwa na mafunjo. Stanley naye alipita 1876, hali ikiwa karibu ileile. Kumbe ziwa lilikuwa linajaa. Baadaye maji yakabomoa kile kizuizi, na Hore alipofika 1879 akakuta Lukuga inakimbia kwa nguvu. Miaka iliyofuata ziwa likashuka mita nyingi. Mahali walipokutana Livingstone na Stanley kule Ujiji, leo ni mbali na maji.

Wabelgiji wakafuata bonde hilo hilo la Lukuga. Mwaka 1915 reli kutoka Kabalo ilifika Kalemie, ikaunganisha mashua za Lualaba na meli za ziwani. Muji ukakua pale pale mlangoni.

Lakini ziwa halikutulia. Mwaka 1964 lilipanda sana. Mwaka 2024 likapanda tena, maji yakaingia katika nyumba za watu Kalemie, Uvira na hata Bujumbura.

Kwa hiyo, udongo mukavu wa leo unaweza kuwa ziwa la kesho. Mtu akikuonyesha parseli ya ufukoni, usimuulize bei kwanza. Tafuta mzee wa pale, umuulize: mwaka 1964 maji yalifika wapi? Ujenge juu ya alama hiyo. Na ninyi wafadhili, mnapotoa mabati na matofali, tusaidieni pia kupima na kuweka alama hizo, sababu nyumba iliyojengwa chini yake tutaijenga mara mbili.