Hadi diski au SSD? Soma hapa kabla hujatoa hela

Swali ninaloulizwa sana hapa maskani Sakina ni hili: "Kaka, laptopu yangu ya mtumba inakwenda kama kinyonga, niweke hadi diski kubwa au SSD?" Leo nalijibu lote, ila nianze na yaliyonikuta.

Mwaka jana chalii wangu mmoja, anapiga picha za wageni wanaopanda Mlima Meru, aliazima ekstenali yangu ya hadi diski. Ndani kulikuwa na picha za bibi yangu, marehemu, na vitu vyangu vyote vya toka sekondari. Kule Saddle Hut akaichomeka ahamishie picha za wageni. Mtu akapita, akakwaa waya, ekstenali ikadondoka toka kitandani ikiwa inazunguka. Toka siku hiyo inagonga tu, tak tak tak. Fundi aliisikiliza, akanirudishia bila kuifungua.

ZINAVYOFANYA KAZI

Hadi diski ina sahani zinazozunguka, nyingi mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Kichwa cha kusomea kinaelea juu ya sahani kwa upenyo mdogo kuliko unene wa unywele, kimebebwa na hewa. Kikigusa sahani, mkwaruzo. IBM walitoa ya kwanza mwaka 1956, ina sahani 50, na mzigo wake wote ni kama wimbo mmoja wa MP3!

SSD ni chipu tupu, ndugu yake flashi. Teknolojia hiyo aliibuni Mjapani Fujio Masuoka akiwa Toshiba miaka ya 1980. Hakuna kinachozunguka, kwa hiyo ikidondoka haina cha kukwaruza.

SPIDI

Faili kubwa moja, hadi diski inasoma MB 100 hadi 200 kwa sekunde. SSD ya SATA inafika 500 na kitu, na zile za NVMe zinapita elfu kadhaa. Ila ishu kubwa ni vifaili vidogo vidogo, maana kompyuta ikiwaka inavifungua kibao. Kichwa cha hadi diski lazima kihame na kusubiri sahani izunguke kila mara. SSD haisubiri. Ndiyo maana laptopu ya zamani ukiibadilishia SSD unadhani ni mpya.

MLIMANI

Hii wengi hawaijui. Kwa kuwa kichwa kinabebwa na hewa, hadi diski nyingi za kawaida zimeruhusiwa kufanya kazi hadi mita 3,000 hivi tu. Arusha mjini tuko kama mita 1,400, hakuna shida. Miriakamba ni mita 2,514, bado salama. Saddle Hut ni 3,570, umeshapitiliza! Kibo Hut kule Kilimanjaro ni 4,720, usiiwashe kabisa. Waongoza watalii, wapagazi na wapiga picha, huko juu bebeni SSD.

UBAYA WA SSD

Msidhani SSD ni malaika. Hadi diski ikiumwa mara nyingi inapiga kelele au inakuwa nzito, unapata muda wa kuokoa vitu. SSD inaweza kuzima ghafla, kimya. Faili ulilofuta kwenye SSD ni vigumu sana kulirudisha. Ukiiweka kabatini miaka bila umeme, inaweza kupoteza data. Na umeme ukikatika wakati unahifadhi kazi, zote mbili zinaweza kuharibu faili, kwa hiyo kompyuta ya mezani iwe na UPS.

USHAURI WANGU

1. Laptopu ya shule au kazi: SSD, hata ya GB 256. Usikimbilie ukubwa.
2. Muvi, nyimbo, video za harusi: hadi diski. Kwa mzigo mkubwa ndiyo nafuu, ila ikae mezani, isitingishwe ikiwa imewaka.
3. Mwenye kafe: SSD ndogo kila mashine, hadi diski moja kubwa ya kutunzia.

Kabla ya kulipa, jua laptopu yako inapokea nini: SATA ya inchi 2.5 au M.2. Na M.2 ziko za SATA na za NVMe, usichanganye. Ya mtumba iangalie afya kwa programu ya bure, CrystalDiskInfo. Ukitilia shaka kwamba GB zilizoandikwa ni za uongo, jaribu H2testw.

Vyovyote utakavyochagua, vitu vyako viwe sehemu mbili. Mimi sasa nina SSD kwenye laptopu na hadi diski nyumbani kabatini, na kila Jumapili nanakili. Picha ya bibi iliyobaki ni moja tu, ile niliyowahi kumtumia shangazi kwa simu. Ni ndogo, ukiikuza inavunjika.

Kama una swali, andika aina ya laptopu yako hapo chini kwenye maoni. Wenye uzoefu nao wachangie. Pamoja!